Malori ya Masasi na Usingizi wa Masika

Katika nchi ya kusini, tangu Lindi na Mikindani kwenye pwani hadi Masasi na Lisekese yake chini ya majabali, na kutoka hapo kupanda mpaka uwanda wa Wamakonde uliobeba mji wa Newala, gari la moto halikuingia kama chombo cha mwaka mzima. Mvua za huku hazigawanyiki mara mbili kama za Tanga na Mombasa. Hushuka kwa mfululizo mmoja, kuanzia Novemba au Disemba hata Aprili, na pengine haziiagi nchi mpaka mwezi wa Mei. Na kwa kuwa barabara zilikuwa udongo mtupu, wa kichanga juu ya uwanda na wa kunata mabondeni, mwenye lori aliyetaka kudumu na mali yake alilazimika kujua mambo mawili: namna ya kulitembeza wakati wa kiangazi, na namna ya kulilaza wakati wa masika. Juu ya hilo la kwanza yameandikwa mengi na masimulizi yake ni tele. La pili limeachwa mikononi mwa mafundi na matingo, ambao hawakuwa watu wa kalamu, ingawa kwa rai yangu ndilo lenye ilimu zaidi. Kwani kuliendesha gari ni kazi ajifunzayo kijana kwa miezi michache, bali kulihifadhi miezi mitano mahali penye unyevu, panya na mchwa, kisha likaamka likiwa zima, ni kazi ya mtu ajuaye kila kiungo chake na kila adui wa kiungo hicho.

Wapwani walikuwa na ilimu hii kabla hawajaona gurudumu la mpira. Pepo za kusi ziliposhika nguvu, bahari ilikuwa ikifungwa, na manahodha wa Kilwa, Lindi na Mikindani waliyapandisha majahazi yao vichangani, ndani ya hori zilizositirika, wakayaegemeza kwa magogo, wakashusha tanga na kamba na kuzitia ghalani. Kisha mafundi wakakalafati maungio ya mbao kwa pamba iliyolowa mafuta, wakapaka sifa, yale mafuta ya samaki, upande wa juu na deheni upande wa chini, ile deheni ya chokaa na shahamu ambayo mdudu wa baharini haipendi. Chombo kilichoachwa ufukoni bila ya matengenezo haya kilipasuka maungio kwa jua, na siku ya kushushwa majini kikanywa maji mbele ya macho ya mwenyewe. Usuli wa kulaza gari umo wote humo: kukiinua chombo, kukivua kile kiharibikacho upesi, kukipaka mafuta, na kuziba matundu yake. Yaliyobaki ni tofauti ya chuma na mti.

Na kuna ajabu nyingine isiyosemwa sana, ya kuwa nchi hii iliyahudumia magari ya ulimwengu miaka mingi kabla magari hayajaihudumia yenyewe. Sandarusi iliyochimbwa ardhini katika mrima wote ilikusanywa Unguja na kuuzwa kwa Wamarekani wa Salem na Wajerumani wa Hamburg, nao wakaiyeyusha katika mafuta kufanya vanishi ya kung'arisha na kukinga magari ya farasi ya matajiri. Baada ya sandarusi ulifuata mpira wa mwituni, ule utomvu wa mitoria, ambao katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 Wamakonde, Wamakua na Wayao waliugema msituni, wakauviringisha mafungu na kuupeleka Lindi na Mikindani. Dunlop alikuwa amebuni tairi la upepo huko Belfast mwaka 1888, na haja ya mpira ikapanda kila mwaka, hata mashamba makubwa ya Malaya yalipoanza kutoa mazao na bei ya mpira wa Afrika ikaanguka kabisa mwaka 1913. Basi mtu wa Newala alikwisha kujua tabia ya mpira, kwamba jua huufanya unate na kisha ukakamae, na kwamba hukaa salama gizani, kabla hajaambiwa na dereva kwamba tairi lisiachwe juani.

Masasi wenyewe ulikuwa mji wa miguu. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika hapo mwaka 1876 akifuatana na watu waliokombolewa utumwani, akawakalisha chini ya yale majabali. Safari yao kutoka Lindi ilikwenda kwa mwendo wa mpagazi, na ikabaki hivyo kwa miaka arobaini iliyofuata. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906 akichunguza mila za watu, alikuja na mizigo yake juu ya vichwa vya wapagazi, kwani mbung'o waliwaua punda na ng'ombe, na mkokoteni bila ya mnyama ni mbao tu. Magari ya moto yaliletwa na Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917, majeshi ya Waingereza yaliposukuma kutoka Lindi kumfuata jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, wakapigana vita vikali vya Mahiwa mwezi wa Oktoba, na Wajerumani wakavuka Ruvuma mwezi wa Novemba, vita hivyo vilitegemea vichwa vya wapagazi maelfu kwa maelfu pamoja na magari mepesi ya Ford yaliyoweza kupita penye njia nyembamba. Lakini mwanzoni mwa mwaka ule ule, mvua zilizofurisha Rufiji zilikuwa zimekwisha kuwafundisha makamanda somo ambalo wafanyabiashara wa kusini walilirithi: barabara ya lori ni ya kiangazi, na ikishalowa hakuna amri ya jenerali iwezayo kuikausha.

Amani iliporudi, na Dayosisi ya Masasi ikaundwa mwaka 1926 chini ya Askofu Vincent Lucas, malori yakaanza kuonekana kwa uchache mikononi mwa serikali, mikononi mwa misheni, na zaidi mikononi mwa wenye maduka wa Kihindi waliokuwa wakinunua ufuta, mtama, muhogo mkavu na karanga, na baadaye korosho. Msimu wa lori ulifuata msimu wa mazao. Shehena zilishuka Lindi tangu Juni hata mvua za kwanza, na katika miezi hiyo lori halikujua Ijumaa wala Jumapili. Na mto Lukuledi na vijito vyake vilipoanza kula madaraja ya magogo, na barabara kufungwa kwa magari mazito, mwenye akili hakungoja kukwama ndipo alikumbuke banda.

Kwanza lori lilioshwa, na kuoshwa huku hakukuwa kwa urembo. Matope yaliyoganda chini ya mabawa na juu ya springi hushika maji kwa majuma, na chini ya matope hayo kutu hula chesisi bila kuonekana. Kwa hiyo utingo alilala chali na kijiti na maji, akachokoa kila pembe, kisha gari likaachwa juani hata likakauka kabisa kabla ya kuingizwa bandani. Hapo fundi akamwaga oili ya zamani ingali moto. Wengi walikuwa wakibisha juu ya jambo hili, wakisema kwamba ni israfu kutia oili mpya katika injini isiyokwenda popote, na kwamba ingojewe siku ya kuamka. Nao walikosea, kwa sababu oili iliyotumika huwa na moshi, maji na asidi za mwako ndani yake, na miezi mitano ya kukaa juu ya beringi ni muda wa kutosha kwa asidi hiyo kuandika jina lake. Oili mpya ilitiwa, injini ikazungushwa kidogo ili ienee, kisha plagi zikafunguliwa na kijiko cha oili safi kikamiminwa katika kila silinda, hendeli ikazungushwa mara kadhaa bila ya moto, na plagi zikarudishwa. Pistoni iliyolala kavu katika silinda yenye unyevu hushikana nayo, na mtu akija kuipiga hendeli mwezi wa Mei atavunja mkono wake au atavunja kitu kilicho ghali kuliko mkono.

Petroli ilimalizwa. Kwa gari la siku zile, bilauri moja ya petroli iliyosahauliwa katika kabureta ilikuwa adui mkubwa kuliko panya, kwani sehemu yake nyepesi huruka hewani na sehemu nzito huchacha, ikageuka gundi ya rangi ya chai izibayo vitundu vyembamba. Basi bomba la mafuta lilifungwa injini ikiwa inanguruma, ikaachwa ijifie yenyewe kwa kiu. Juu ya tangi rai zilitofautiana. Wako waliolimimina lote kwa kuogopa wizi na moto, na wako waliolijaza pomoni kwa hoja kwamba tangi lisilo na hewa halina mahali pa umande kukaa, wala pa kutu kuanza. Na hoja hii ya pili naiona ina nguvu zaidi, isipokuwa kwamba katika nchi ambayo pipa la petroli lilikuja kwa jahazi au meli na kisha kwa lori, hapakuwa na watu wengi wa kuacha pipa zima likae kitako mpaka masika yaishe.

Maji ya rejeta yalifunguliwa yote, na bomba la chini likaachwa wazi na kufungwa kitambaa kisipenye kidudu. Huko Newala, juu ya uwanda usio na chemchemi, ambako wanawake walishuka mteremko mrefu hata bondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani, hapakuwa na haja ya kumhimiza mtu asitie maji mapya rejetani kabla ya wakati wake. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mapaa ndiyo yaliyokuwa bora kwa kazi hiyo, kwa kuwa hayana chokaa wala chumvi ya kugandamana ndani ya vijia.

Kisha likaja jambo la miguu ya gari, ambalo ndilo macho ya mpita njia huliona na kudhani kwamba ndilo zima. Jeki iliinua ekseli moja baada ya nyingine, na chini yake yakapangwa mawe ya bapa, ambayo Masasi hayana bei, au magogo ya mti mgumu. Magurudumu yakaning'inia, na mara nyingi yakavuliwa kabisa, matairi yakaoshwa, yakapakwa unga wa chaki, yakatundikwa mahali penye giza mbali na jiko na mbali na mafuta. Tairi linalobeba uzito pahali pamoja kwa miezi huvunjika nyuzi zake za ndani, na likirudi barabarani hupiga kama ngoma mpaka lipasuke. Breki ya mkono iliachiwa, maana viatu vya breki vikibana ngoma yake katika unyevu vitashikana. Na kati ya kanyagio la klachi na kiti kikatiwa kipande cha mti kuikandamiza chini, kwa sababu hiyo hiyo. Bomba la moshi lilizibwa kwa kitambaa chenye mafuta, nyigu wasijenge humo. Na kama gari lilikuwa na bodi la mbao, mawe ya chini yalimwagiwa oili chafu ile ile iliyotolewa injini, kuwa mpaka wa mchwa. Turubai likafunikwa juu bila kufungwa kabisa. Hewa ilitakiwa ipite, maana turubai lililobana hulisha gari jasho lake lenyewe, na asubuhi za ukungu wa Newala zatosha kulichovya gari zima hata kama mvua haikunyesha.

Magari ya kwanza, kama Ford ya aina ya T iliyotengenezwa tangu 1908 hata 1927, yaliweza kuwaka kwa hendeli na sumaku bila ya betri, na hili lilikuwa rehema kwa nchi isiyo na umeme. Betri ilipokuwa desturi, ikawa mgeni wa kutunzwa zaidi ya wenyeji: ifunguliwe, ipanguswe, iwekwe juu ya ubao, ijazwe maji safi, na itiwe chaji kila baada ya muda, kwani betri iliyoachwa ikaisha hufanya ukoko mweupe juu ya bamba zake za risasi, na ukoko ule ukishakomaa hauondoki. Palipokuwa na mashine ya umeme, katika karakana ya serikali au misheni fulani, betri za watu zilipangwa safu wakati wa masika zikingoja zamu.

Wala isidhaniwe kwamba desturi hii ilikuwa ya nchi maskini peke yake. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na huko Canada, wenye magari wa miaka ile ile walikuwa wakiyapandisha juu ya magogo kila theluji ilipoanguka, na vitabu vya maelezo ya magari vilikuwa na mlango maalumu wa jambo hili. Hofu yao ilikuwa maji kuganda na kuipasua injini, yetu ilikuwa maji kutokauka. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipoitwaa Malaya na Singapore mwanzoni mwa 1942 na kuukata mpira wa ulimwengu karibu wote, kulaza gari kukawa amri ya hali kila mahali, kuanzia Uingereza, ambako petroli ya matembezi ilikomeshwa mwaka huo, mpaka Tanganyika, ambako tairi na petroli vilikuwa vya kibali. Mpira wa Afrika ulitakiwa tena. Watu wa kusini walio na umri waliliona tairi lililokuwa halithaminiwi likifichwa kama dhahabu.

Hapa inafaa tusimame Nachingwea, kwa kuwa hapo ndipo ilimu hii ilipodharauliwa kwa gharama kubwa kupita zote. Mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 ulikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa kuwa viwanda vya Ulaya vilikuwa vimechoka kwa vita, matrekta mengi yalinunuliwa katika mabaki ya jeshi la Marekani, mengine kutoka visiwa vya Ufilipino. Mashine hizi zilikuwa zimeachwa katika joto na mvua za bahari ya Pasifiki, na hazikulazwa na mtu. Zilitelekezwa tu siku vita vilipokwisha. Ziliposhushwa Dar es Salaam zilikuwa zina rangi ya nje na kutu ya ndani, na sehemu kubwa yake zilisimama katika msimu wa kwanza wa kung'oa visiki. Watu husema mpango ule uliuawa na ukame na udongo mgumu, na ni kweli. Lakini mashine iliyokufa kabla haijaugusa udongo haiwezi kumlaumu udongo. Kusini kulijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, na kabla bandari haijafunguliwa mwaka 1954 mpango wenyewe ulikwisha kutupwa, Januari 1951, baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Reli nayo ikang'olewa mapema katika miaka ya 1960, na mizigo yote ya Masasi, Newala na Nachingwea ikarudi juu ya lori.

Korosho ndiyo iliyolipa lori hilo. Zao hili huiva kuanzia Septemba na Oktoba, nalo likawaongezea wenye malori haraka ya kukimbizana na mvua. Taifa zima lilipata tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, nyingi zikitoka uwandani na kandokando yake. Kisha zao likaanguka mpaka chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87, na kuanguka huko kulikutana na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambavyo vilichukua malori ya watu kwenda kubeba majeshi, na uhaba wa fedha za kigeni uliofanya beringi moja iwe jambo la kuombewa barua. Petroli ilipimwa, na magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Katika miaka hiyo maana ya gari kukaa juu ya mawe iligeuka. Zamani mawe yalikuwa ushahidi wa mwenye gari mwangalifu. Sasa yalionyesha kwamba matairi yameuzwa, au yamehamishiwa gari jingine, na kwamba hata betri na kabureta vimekwisha kuondoka. Gari lililolazwa likawa ghala la vipuri. Mwenyewe aliyekwenda Dar es Salaam kwa miezi michache alikuta chesisi imebaki na jina lake tu, na aliyewahi kuvumilia kuliona gari lake likipungua kwa nati moja moja hahitaji kuelezwa kwa nini watu wengi waliacha kabisa kulaza magari na wakaona afadhali kuyaua kazini.

Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003 likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwenyeji wa Lupaso katika Masasi hii hii. Lami ikaendelea kupunguza vipande vya udongo, na barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, yenye kilomita 210, ikaanzwa kuwekwa lami kwa sehemu, ile ya Mtwara hadi Mnivata ikitangulia. Masika hayalazi tena malori. Yanayolala leo ni magari madogo ya watu wafanyao kazi mbali, yaliyoachwa Masasi au Newala kwa jamaa, na mlinzi wake huambiwa aliwashe kila Jumamosi kwa dakika tano. Huu ni wosia mbaya, ijapokuwa umeenea. Dakika tano hazifiki joto la kuukausha mvuke uliomo katika oili na bomba la moshi, bali huongeza maji mapya juu ya yale ya juma lililopita, na betri hutoa zaidi ya ilichorudishiwa; gari ama litembezwe nusu saa barabarani, au liachwe limelala kwa kanuni, betri ikiwa imefunguliwa, maana magari ya sasa yana saa, kengele na kompyuta ndogo zinyonyazo umeme usiku na mchana hata funguo ikiwa mfukoni.

Na kuna deni ambalo mafundi wa zamani hawakulijua. Kwa miaka mingi ada ya mwaka ya leseni ya gari ilihesabiwa hata kwa gari lisilotembea, na adhabu juu yake, hata baadhi ya magari yaliyokuwa juu ya mawe yakawa yanadaiwa fedha kuliko bei ya vyuma vyake, na wenyewe wasithubutu kuyatengeneza wala kuyauza kwa kuogopa kuandikisha jina jipya. Bajeti ya mwaka 2017 iliifuta ada hiyo, ikaihamishia katika ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa lita, na ikasamehe madeni ya nyuma. Tangu hapo gari lisilokunywa petroli halilipi ada ya barabara, na mwenye kuliinua juu ya mawe yake ana hesabu moja tu ya kufanya, ya fundi na vipuri.